Jinsi ya Kukalia Kiti cha Ndugu Yako

Kwanza, chagua wazazi vizuri. Pelias wa Iolcus, huko Thessalia katika Ugiriki ya kale, alizaliwa na Tyro kwa Poseidon, mungu wa bahari. Baadaye Tyro aliolewa na mfalme Cretheus, akamzalia Aeson, mrithi halali. Nawe ukiwa mtoto wa nje, usiombe urithi: mfalme akifa, wahi kiti kabla matanga hayajaanuliwa. Pacha wako akidai chake, mtimue. Neleus, pacha wa Pelias, alitimuliwa, akaenda kutawala Pylos.

Ukiwa na mtu wa kuua, muulie njiani. Pelias alimuua Sidero, mama wa kambo wa mama yake, ndani ya hekalu la mungu wa kike Hera, na Hera hakuwa wa kusamehe.

Ukitabiriwa kwamba mtu wa ndara moja atakumaliza, usihangaike kukagua miguu ya watu. Atakuja mwenyewe. Jason, mwana wa Aeson, alitokea kwenye tambiko la Pelias, baba yake mkubwa, ndara ya pili imebaki mtoni Anaurus. Hapo Pelias alionyesha ubingwa. Alimuuliza kijana kwa upole: ungeambiwa kwamba raia wako mmoja atakuua, ungemfanya nini? Ningemtuma akalete ngozi ya dhahabu, akajibu Jason. Haya, kailete! Bosi anayetaka kumhamisha mpinzani wake na ajifunze hapa: mwache aiandike barua ya uhamisho mwenyewe. Ngozi hiyo ilikuwa Colchis, ncha ya mashariki ya Bahari Nyeusi, na posho hakuna.

Akishatweka tanga, malizana na waliobaki. Mwandishi wa kale Apollodorus anasimulia kwamba Aeson, kwa kuona atauawa, aliomba ajiue mwenyewe, akanywa damu ya fahali. Mwanawe mdogo, Promachus, hakupewa hata hiari hiyo.

Tatizo ni kwamba Jason alirudi, tena na mke. Medea alimkatakata kondoo dume mzee mbele ya mabinti wa Pelias, akamchemsha kwa dawa, akatoka mwanakondoo. Mabinti, kwa mapenzi yao yote, wakamkatakata baba ili arudi ujana. Alichemka tu. Kwa hiyo sharti la mwisho: usizeeke mbele ya watoto wanaokupenda.

Hata hivyo mwongozo unafanya kazi. Acastus, mwana wa Pelias, alimzika baba yake, akawafukuza Jason na Medea, akatawala. Jason, mwenye haki, alikwenda kuishi Korintho.