Marehemu Ameleta Maji

Mzee Pedro José Donoso alikuwa na fedha za kumwaga, umri wa kuitwa babu, na mke kijana aitwaye Isabel Arroyo. Akafa ghafla. Kufa si ajabu, sote tumo safarini. Ajabu ya mzee yule ni kwamba hakukubali. Roho yake iliingia katika mwili wa kijana fukara, Salvador Cerinza, mwenye kifua kama mlango wa Lamu, na kijana akazinduka akiwa na akili za tajiri na njaa ya maskini. Akaenda kuomba kazi ya utumishi katika jumba lake mwenyewe. Huko akamkuta mjane wake yu mikononi mwa Andrés Corona, mtu aliyekuwa akimzunguka tangu marehemu yu hai. Basi Donoso akawa na kazi mbili: kuwatumikia wanaokula mali yake, na kupeleleza kifo chake mwenyewe.

Hiyo ndiyo El cuerpo del deseo, iliyotengenezwa na Telemundo huko Miami mwaka 2005, ambayo sisi wa Kenya tuliijua kwa jina la Second Chance. Ilitufikia imebandikwa sauti za Kiingereza juu ya Kihispania, kwa hiyo mtu alikuwa akishafunga mdomo na maneno bado yanatoka, jambo ambalo Bibi hakulishangaa; alisema anao jamaa kadhaa wa namna hiyo. Mwandishi wake, Julio Jiménez, alikuwa ameshaitoa hadithi hiyohiyo Colombia mwaka 1992, yaani tajiri yule alikwisha kufa mara moja kule kabla ya kuletwa kufa upya Marekani. Mzee aliigizwa na Andrés García. Mwili wa pili, ule uliowafanya akina dada wa mtaani kwetu wawahi kuosha vyombo, ulikuwa wa Mario Cimarro, mzaliwa wa Havana. Isabel alikuwa Lorena Rojas wa Mexico, na uovu aliuigiza vizuri hata Shangazi akawa anamlaani yeye na ukoo wake wote. Mwaka 2015, habari zilipofika kwamba saratani imemuua Miami akiwa na miaka 44, Shangazi huyohuyo alisimamisha mbuzi ya nazi akasema, "Basi, mimi nimemsamehe. Hao wengine watajuana na Donoso wao."

Kiingereza ndicho kilichotuingiza matatani. Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na mwenye nyumba ni Bibi, ambaye lugha zake ni Kiswahili, Kiarabu cha sala na kukunja uso. Alihitaji mkalimani. Kazi akapewa binamu yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, kwa ujira wa mahamri mawili kila usiku, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kijana alikuwa hodari hadi pale watu wa Miami walipoanza kubusiana, nao hawakukawia. Angemwambia nini bibi yake, tasbihi iko mkononi? Akasema wanapeana pole. Kesho yake wakapeana pole tena, muda mrefu zaidi, na Bibi akauliza Andrés huyu ni nani hasa kwa mfiwa. Binamu yangu akajibu bila kupepesa macho kwamba ni kaka yake, baba mmoja mama mmoja.

Uongo ule ulikuwa mdogo, lakini tamthilia ni ndefu. Ilibidi kila usiku autilie kiraka. Andrés akitoka chumbani kwa Isabel asubuhi, alikuwa amekwenda kumuamsha alfajiri. Isabel akimlilia Andrés, ni kwa kuwa mama yao mgonjwa. Yule mama akaugua wiki kadhaa bila kuonekana, akapona, akaugua tena, na Bibi akawa anamwombea dua baada ya Isha. Tuliojua Kiingereza tulikaa nyuma tukiuma leso. Naamini hadi leo kwamba tamthilia ya binamu yangu ilikuwa bora kuliko ya Miami, maana ya kwao ilikuwa na muuaji mmoja tu wa kumkimbiza, na ya kwetu ilikuwa na mgonjwa anayetia wasiwasi pia.

Siri ilipasuliwa na Ami, ndugu yake baba, aliyesoma fiqhi Lamu na hupita sebuleni akisema televisheni ni upuuzi, kwa mwendo wa polepole sana. Usiku mmoja alipita akakuta kubusiana kumekolea, akasikia tafsiri, akasimama. "Kaka yake?" Hapo kikaanza kikao kilichomaliza mafuta ya taa, kwa sababu hata umeme ulikatika katikati yake na hakuna aliyeondoka.

Bibi hakukasirishwa na kudanganywa. Alikasirishwa na eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, na huyu hata udongo wa kaburi haujakauka! Shangazi akauliza, je, kama mume amerudi kwa mlango wa nyuma, eda ipo au haipo? Ami akasema roho ikitoka haina safari nyingine ila barzakh, kwa hiyo swali lenyewe halisimami. Kisha akaketi kulijibu. Donoso, alisema, ameacha mke na binti mmoja, Ángela. Mke akiwapo mtoto hupata thumuni, sehemu moja ya nane. Binti akiwa peke yake huchukua nusu. Kinachobaki kitafute wenyewe. Lakini ikithibiti kwamba Isabel ana mkono katika kifo cha mumewe, hapati hata kijiko, kwa kuwa muuaji harithi. "Na ikiwa marehemu mwenyewe ndiye anayefagia ukumbi?" akauliza Bibi. Ami alikuna kidevu muda mrefu. "Aliye hai harithiwi," akasema. Na vipi Cantalicia, mke wa yule Salvador wa asili, aliyeachiwa mume mwenye roho ya mtu mwingine? Swali hilo likahamia barazani msikitini, likazungushwa pamoja na vikombe vya kahawa tungu, na nasikia wazee wawili hawakusalimiana hadi Ramadhani.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam walitucheka kwa simu. Wao walikuwa na Isidingo, ya Afrika Kusini, yenye mgodi wake wa Horizon Deep na mwanamke aitwaye Cherel ambaye akimtabasamia mtu, huyo mtu aandike wasia. Wifi yetu mmoja wa Temeke anaitwa Cherel hadi leo na hajaambiwa kwa nini. Lakini Isidingo ilianza 1998 na haikusimama hadi 2020. Mtoto aliyezaliwa nayo aliweza kuoa kabla haijaisha. Hizi za Kilatini angalau zina adabu ya kumalizika: baada ya vipindi zaidi ya mia moja, mwovu analipwa, wapendanao wanapata nafasi, na wewe unaweza kwenda kukata kucha.

Madhara ya nyumbani sitayataja yote. Wali uliungua hadi majirani wakazoea harufu yake kama saa ya ukutani. Mtoto wa jirani alipandishwa darini kuushika mlingoti wa antena, akaambiwa "hapohapo, usitikisike," picha ikanyooka, na sote tukamsahau. Alipatikana usiku wa manane amelala amekumbatia bomba. La posa, hata hivyo, siwezi kuliruka.

Wazee wa upande wa kijana walikuja kumposa binti wa Shangazi usiku ambao Isabel alikuwa karibu kubanwa. Kuwarudisha haikuwezekana, kuzima televisheni pia haikuwezekana. Suluhisho likawa kuwakalisha wageni wakiwa wameipa kisogo, sauti imeshushwa, na sisi wenyeji tukiwaelekea kwa heshima na macho yetu yakipita juu ya kofia zao. Msemaji wao, mzee wa kanzu iliyopigwa pasi hadi inakata, alianza kumsifu kijana wake: mpole, msomi, mwenye kazi bandarini. Shangazi, mama wa binti, akaanza kububujikwa na machozi. Mzee akaongeza sifa. Shangazi akajipiga paja akalia, "Muuaji huyu! Atammaliza mtoto wa watu!"

Kukawa kimya. Msemaji aliangalia wenzake, wenzake wakaangalia jamvi. Ami, ambaye hadi dakika hiyo alikuwa amejidai hatazami, akakohoa akasema, "Ni uchungu wa mzazi, mwanawe wa pekee." Wageni wakanong'onezana. Kisha mzee wa kanzu akapandisha mahari, bila kuombwa, na akaapa kwamba kijana hajapata hata kumpiga paka. Ndoa ile ipo na ina watoto, na mume yule kila akija kwetu Shangazi humkaribisha kwa unyenyekevu ambao hajapata kuufahamu.

Halafu akatokea muuza maji.

Mji wa Kale ukikosa maji hukosa kwelikweli. Mifereji inapiga mluzi tu, na maisha ya watu yanabaki kwenye mikokoteni yenye mitungi ya lita ishirini. Wetu alikuwa kijana wa Kaloleni, mtaratibu, mwenye mabega. Adhuhuri moja aliteremsha mitungi, akafuta jasho, akaketi kwenye kiti cha marehemu Babu, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, akasema, "Kiti hiki mguu wa nyuma unataka kabari."

Kata ilimponyoka Bibi. Babu alilisema neno hilo maisha yake yote, akafa bila kukitia kabari.

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Kijana alikohoa mara tatu kabla ya kupiga hodi, kama Babu. Alikataa sukari kwenye kahawa, akauliza tangawizi. Aliitazama saa ya ukutani akasema inachelewa, na hakuwa na saa yake. Bibi akaanza kumwandalia mahamri na mbaazi, kisha siku ya Ijumaa viazi karai, kisha akaonekana amepaka wanja. Tukahisi asumini. Kila mmoja wetu alikuwa ameshatazama Second Chance ya kutosha kujua hapa panaelekea wapi.

Hofu ya Ami ilikuwa ya dini. Hofu ya Shangazi ilikuwa ya ardhi. "Mirathi tumeshagawa!" alininong'oneza jikoni. "Chumba changu nimekwisha kukipiga rangi! Akirudi mwenyewe, nitakirudisha na rangi yangu?" Ami alimkumbusha kwamba wafu hawarudi. Shangazi akamkumbusha aliyoyasema yeye mwenyewe, kwamba aliye hai harithiwi. Ami akaenda kutafuta hati za nyumba, akazihamisha chini ya godoro lake, kwa usalama tu. Zaidi ya hayo ilifahamika kwamba muuza maji ana mke kwao Kaloleni, na sasa tukawa na Cantalicia wetu, ambaye huenda wakati wowote angeshuka kwa matatu kuja kudai mume.

Upelelezi ukapewa mimi na Ami. Tulijibanza nyuma ya mlango wa kichochoro, Ami na kanzu yake nyeupe inayoonekana kutoka Likoni, tukasubiri mkokoteni. Ulipofika, hakushuka roho wala jini. Alijitokeza binamu yangu, mkalimani, aliyeachishwa kazi tangu kashfa ya kaka na dada na kukosa mahamri yake. Mkononi alikuwa na daftari la hesabu. "Leo," alimsomea muuza maji kwa sauti ya mwalimu, "ulizia bakora. Sema, bakora yangu ya mpingo iko wapi? Halafu guna." Muuza maji akaguna. "Zaidi kidogo, alikuwa na pumu." Kisha wakagawana ya jana: mahamri manne kwa mawili, na chupa ya achari ambayo Shangazi alikuwa amemsingizia paka.

Kesi ilisikilizwa sebuleni siku hiyohiyo, televisheni imezimwa, jambo lililoonyesha uzito wake. Muuza maji alisimama kofia mkononi, akasema yeye alianza kwa mzaha kuhusu kiti, kiti kilikuwa kinayumba kweli. Yaliyofuata ni ya kijana na daftari lake. Daftari likasomwa. Lilikuwa na kurasa za kikohozi, za kahawa, za ugomvi wa Babu na saa, zote kwa mwandiko mzuri kuliko wa insha zake za shule. Shangazi alitaka polisi. Ami alitaka toba, kisha polisi. Mimi nilikuwa nikimtazama Bibi, nikiogopa kwamba moyo wake umevunjika.

Alikuwa anamenya kitunguu.

"Mnadhani mimi mtoto?" akasema. "Babu yenu nimekaa naye tangu naletwa nyumba hii hadi namfumba macho, hajapata kuniletea hata kata moja ya maji. Mtu ananibebea mitungi minne mpaka jikoni, nimdhanie ni yeye?"

Ami akameza mate. "Na lile wanja, Mama?"

"Mtaa wote mkavu, nyumba gani iliyokuwa ikipata maji ya kwanza?" Alifuta machozi ya kitunguu kwa ncha ya leso. "Na kila mtungi akinipunguzia shilingi tano."

Kisha akanyoosha mkono apewe daftari. Herufi hazisomi, lakini alilifungua mbele ya binamu yangu akagonga ukurasa kwa kidole. "Hapa pa bakora umekosea. Haikuwa ya mpingo, ilikuwa ya mtobwe. Mfundishe vizuri, kesho Jumatano ni zamu ya mitungi sita."