Keki Imeiva, Sasa Itoke

Wanaofundisha mapishi hukatiza somo mahali pabaya. "Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu keki imeiva, itoe." Itoe! Keki haina miguu. Hawakuambii kwamba toka kwenye bati mpaka kwenye sahani ni mwendo wa shubiri moja tu, na katika shubiri hiyo ndimo heshima za watu zinamopotelea.

Nyumbani kwetu tunaokea jiko la mkaa. Sufuria kubwa inatandikwa mchanga, bati la keki linakaa juu ya mchanga, mfuniko unafunikwa, makaa yanapaliwa juu yake. Moto chini, moto juu, na wewe katikati na moshi wako machoni. Ukiivusha keki salama kwenye mateso hayo unajiona umemaliza kazi. Wageni wako ukumbini, harufu ya iliki na vanila imeshawapelekea ahadi, na wifi yako amekuja jikoni kukusaidia, yaani kushuhudia.

Unalipindua bati juu ya sahani. Kimya. Unagonga kitako kwa kijiko. Kimya. Unagonga tena, safari hii na bismillahi juu. Pu! Unanyanyua bati taratibu, na kilichoanguka ni nusu ya keki. Nusu ya pili imeng'ang'ania ndani kama mpangaji aliyedaiwa kodi.

Hapo kila mtu anakuwa na la kusema. Wifi anasema unga wa siku hizi si unga. Mama mkwe, ambaye hajainuka hata kwenye mkeka wake ukumbini, anasema kuna mtu ana jicho. Mwingine analaumu mayai ya kuku wa kizungu. Bati lenyewe halisemwi, wakati ukweli wote umeganda humo ndani.

Protini za mayai na za unga zikipata joto hushikana na chuma, na chuma chenye mikwaruzo kinazipa pa kujishikiza. Sukari nayo huyeyuka, na ikipoa inakuwa gundi. Ndiyo maana saa ya kutoa keki ina fitina. Ukiwahi, ndani bado haijajikaza, inakatika. Ukichelewa, mvuke uliofungiwa chini unageuka maji na kukilowesha kitako, na gundi ya pembeni inakuwa imekaza. Keki ya kawaida iache ipumue dakika 10 hadi 15, kisha pitisha kisu chembamba ukingoni, ndipo upindue. Dakika hizohizo ndizo wifi anazozichagua kukuuliza habari za kaka yake.

Na mafuta, jamani. Watu wanapaka siagi kwa kuwa imeandikwa siagi, kumbe karibu moja ya tano ya siagi ni maji na mabaki ya maziwa, na hayo mabaki yakipata moto nayo yananata. Samli ni bora, hata mafuta ya kupikia ni bora. Paka mpaka kwenye kona, nyunyiza unga kiduchu, lizungushe bati, ubaki wake ukung'ute. Kisha tandika karatasi ya kuokea chini.

Nimesema karatasi ya kuokea kwa sababu ya shangazi yangu mmoja, ambaye karatasi kwake ni karatasi. Alichana ukurasa wa daftari la mwanawe, akaupaka mafuta, akautandika. Keki ilitoka nzima, haikupungua hata chembe, tukapiga vigelegele. Alipoubandua ule ukurasa, kitakoni pamejichapa hesabu, tarakimu zimegeuka nyuma mbele lakini zinasomeka: saba mara nane, hamsini na nne. Pembeni yake mkwaju wa wino mwekundu wa mwalimu. Mtoto alichapwa kwa ushahidi wa keki.

Kuna waliotafuta dawa ya mambo haya mbali zaidi. Mwaka 1938 mkemia wa Marekani, Roy Plunkett, alikuwa akishughulika na gesi za majokofu akajikuta na unga mweupe utelezao ajabu, ambao hakuutafuta. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire akaupata ujuzi wa kuugandisha kwenye alumini. Inasimuliwa kwamba yeye alikuwa akiutaka kwa zana zake za kuvulia samaki, na mkewe Colette ndiye aliyemwambia aupake kwenye kikaango. Namwelewa Colette bila mkalimani. Ila hakujua kwamba siku moja kikaango chake kitafika kwenye karo letu, kikutane na stilwaya na kijana mwenye bidii. Sayansi ya miaka kumi na sita inakwanguka kabla maji hayajachemka.

Wa kumwiga, kwa maoni yangu, ni mama muuza vitumbua. Chuma chake ni cheusi tii, na sabuni hakiijui. Kilipokuwa kipya alikipasha, akakipaka mafuta, akakipasha tena, siku nenda siku rudi, hadi mafuta yakajigeuza ganda jembamba gumu lililoziba vitundu vyote. Sasa anatia mafuta ya moto, anamimina rojo, anasubiri ukingo ukauke, kisha anakigusa kitumbua kwa kijiti. Anakigusa tu. Kitumbua kinajizungusha chenyewe, na huku anakurudishia chenji bila kutazama. Mwombe mkopo atakupa. Mwombe chuma, atakuuliza kama umelala vizuri.

Ikiwa maji yameshamwagika, usilete keki yenye majeraha mbele za watu na kuanza kujieleza. Funga mlango wa jikoni. Imegemege iliyobaki, itie kwenye bakuli la kioo, mwagia kastadi, panga ndizi na embe, rudia tabaka, iweke kwenye friji. Waingereza wanakula hivyohivyo kwa raha zao na wanakiita traifo. Ukitoka nacho, kipe jina kabla hujakiweka mezani, maana chakula kisicho na jina kinaulizwa maswali. Wifi ataomba maelezo ya kupika. Mpe yote, isipokuwa hatua ya kwanza.

Na wewe jirani uliyeliazima bati langu siku ya Idi, sidai keki, wala sidai unga. Naomba bati langu. Na kama bado hujalisugua, Mungu akubariki, usilisugue.