Choo Ndicho Nahodha

Kundi la WhatsApp la klabu yetu ya kupiga mbizi huanza Jumatatu kwa adabu. Katibu anauliza Jumamosi tuzamie wapi, watu wanaweka dole na vikatuni vya samaki. Kufika Jumatano wameshanuniana. Ijumaa saa nne usiku mwenyekiti, mtu mzima mwenye wajukuu, anaandika: "Tutaona asubuhi." Tutaona nini, baba? Asubuhi hiyo mimi nitakuwa barabarani tangu saa kumi na moja, gari limejaa mitungi ya hewa, naendesha kwenda mahali ambapo hapajachaguliwa.

Mimi mtu wa Pemba. Kwetu upepo una miadi na unaitimiza. Kaskazi inaingia kufunga mwaka, kusi inafuata na masika, na mvuvi anajua ni miezi gani aelemee upande gani wa kisiwa. Mgeni akitaka kuzamia Misali, nahodha anatazama maji, anatazama mbingu, anasema "twende" au anasema "kesho". Hakuna kura. Na maji yenyewe ni nadra kushuka chini ya nyuzi 25. Huku kusini mwa Uingereza, kwenye bahari inayowatenga Waingereza na Wafaransa, mwezi wa Machi maji yana nyuzi 8 hivi. Agosti na Septemba yakijitutumua yanafika 17 au 18, na hapo wenyeji wanavua mashati na kununua aiskrimu.

Baridi naivumilia. Nisichokivumilia ni bahari isiyo na msimamo. Mahali petu pakuu ni pawili, Swanage na Chesil, na kutoka hapa hadi pale kwa gari ni kama saa nzima, kwa hiyo ukikosea umekosea. Swanage inatazama mashariki. Chesil inatazama kusini-magharibi, uso kwa uso na Atlantiki. Upepo wa huku mara nyingi unatoka kusini-magharibi, basi Swanage inakuwa imejificha nyuma ya ardhi na Chesil inapigwa. Upepo ukigeuka ukatoka mashariki, Chesil inalala na Swanage inachafuka. Ungedhani jambo limekwisha: tazama upepo, chagua. Lakini upepo wenyewe Jumatatu ni wa magharibi, Alhamisi ni wa mashariki, Ijumaa mchana watabiri wanasema utageukageuka. Na hata ukitulia kabisa, Chesil inaweza kukuletea mawimbi ya dhoruba iliyopiga katikati ya Atlantiki juzi, ambayo hapa hakuna aliyeisikia. Simu inaonyesha mawimbi ya mita 1 tu, mgeni anafurahi. Aliyeishi hapa anasoma namba ya pili: sekunde 14 kati ya wimbi na wimbi. Hayo ndiyo mawimbi marefu, yenye nguvu inayoshuka hadi chini, na pale ufukweni yanakuvuta miguu kama mdai.

Ufuko wenyewe wa Chesil hauna mchanga. Ni tuta la kokoto lenye urefu wa kilomita 29 hivi, na kokoto zimepangwa na bahari kwa ukubwa: upande wa magharibi ni ndogondogo, upande wa mashariki, wa Portland, tunakoingilia sisi, ni kubwa za kujaza kiganja. Husemwa kwamba wavuvi wa zamani na wapitisha magendo wakitua usiku wa kiza walipapasa kokoto wakajua wako wapi. Mimi najua niko wapi bila kupapasa, kwa sababu magoti yananiambia. Mgongoni mtungi, kiunoni uzito wa risasi, na risasi ni nyingi kwa vile suti kavu imejaa hewa na inataka kuelea. Unapanda tuta, unateremka tuta, kila hatua mbele inarudi nusu nyuma. Ukifika majini umeshalowa jasho ndani ya vazi ulilolinunua kwa bei ya ng'ombe wawili ili ukae mkavu.

Halafu kuna maji kupwa na kujaa. Hapa nakiri najivuna. Wenzangu wana programu za simu, majedwali na kijitabu cha bandari, na bado wanabishana kama mkondo utakuwa mkali. Mimi nasema leo ni mwezi kumi na sita, ni bamvua, mkondo utawabeba hadi Ufaransa. Wananitazama kama mganga. Si uganga, ni mtoto aliyelelewa kuhesabu mwezi kwa ajili ya kufunga na kwa ajili ya pweza: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ndipo maji yanapokupwa sana na kujaa sana, kwenye nusu mwezi ni maji mafu, bahari inasinzia. Kanuni ni ile ile, Wete kwetu Pemba na Swanage. Ni kitu pekee cha nyumbani kinachofanya kazi huku bila kibali.

Maji mafu ndiyo tunayoyataka kwa ajili ya Kyarra. Hiyo ni meli ya mvuke iliyopigwa torpido na manowari ya Wajerumani mwezi Mei 1918, nayo imelala karibu na Swanage kwenye kina cha mita 30 hivi. Mkondo pale hauna masihara, kwa hiyo unazama maji yanaposimama tu, kipindi kifupi kati ya kujaa na kupwa. Kipindi hicho hakijali usingizi wa mtu. Kikiangukia asubuhi na mapema, boti inaondoka usiku. Mwenye boti ndiye mtu pekee katika habari hii anayefanana na nahodha, na hata yeye anasema atapiga simu jioni kuthibitisha. Jioni anapiga simu kuahirisha.

Tuseme upepo umekubali, mawimbi yamekubali, mwezi umekubali. Bado kuna suala la kuona. Kuanzia masika ya huku, Aprili hadi Juni, jua linaporudi vijidudu na vijimea vya baharini vinachanua na maji yanageuka uji wa kijani. Mvua ikinyesha siku mbili mito inaongeza matope. Mtu aliyetoka jana anaandika kwenye kundi kwamba kuona kulikuwa "si kubaya, mita 4". Nimekaa na Waingereza vya kutosha kujua kwamba mita 4 ya klabu ni mita 2 ya mahakamani. Siku moja chini ya gati la Swanage nilimfuata mwenzangu kwa uaminifu, nikimtazama mapezi, hadi tulipotoka juu nikakuta ni mzee wa klabu nyingine. Alikuwa mpole. Alinionyesha samaki mmoja mdogo anayechungulia kwenye shimo, mwenye vishada juu ya macho kama nyusi za babu, na nikiri kwamba samaki yule alinifurahisha kuliko kasa wengi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo halimo katika jedwali lolote. Nimewachunguza wenzangu Jumatatu hadi Ijumaa, na naapa kwamba upepo, mwezi na mawimbi ni mazungumzo tu. Kinachoamua ni choo.

Msicheke, lina sababu ya kitaalamu. Ukiingia maji baridi, mishipa ya mikono na miguu inajibana na damu inakimbilia kifuani. Maji nayo yanaukandamiza mwili mzima na kuisukuma damu huko huko. Mwili unadhani umejaa maji kupita kiasi, unaziamuru figo ziyatoe, na figo ni watumishi watiifu. Matokeo yake, dakika ya ishirini chini ya maji mawazo ya mpiga mbizi hayako kwa ngisi. Na suti kavu nyingi zipu yake iko nyuma ya mabega. Huwezi kujifungulia, lazima uombe mtu. Wapo waliofungiwa kifaa fulani cha mpira chenye valvu. Sitakieleza, gazeti hili linaingia majumbani.

Kwa hiyo tazameni kura zinavyokwenda. Katibu ana ufuko wake anaoupenda, maji safi, watu hakuna, kaa wakubwa kama sinia. Kila wiki anaupendekeza, na kila wiki unapata kura moja, ya kwake. Sababu zinazotolewa ni mkondo, upepo, barabara mbaya. Hakuna anayeandika ukweli kwamba ufukoni pale hakuna choo. Swanage inashinda hata siku ambayo upepo wa mashariki unaivuruga, na watu wazima wenye vyeti wanaandika kwamba "huenda chini ya gati kukawa na utulivu". Utulivu upi? Wanawaza choo, chai ya moto, na mahali pa kuegesha gari karibu.

Na wiki upepo unapogoma kila upande, ndipo yanapotajwa machimbo. Stoney Cove ni shimo la mawe huko Leicestershire, katikati kabisa ya nchi, ambako uchimbaji ulikoma 1958 na maji yakajaa yenyewe. Kina kinafika mita 36. Humo wamezamisha kwa makusudi tagi ya zamani iitwayo Stanegarth ili watu wawe na cha kutazama. Bamvua haipo, mkondo haupo, wimbi halipo, na wakati wa baridi maji ya chini yana nyuzi 4 au 5. Unalipa kiingilio getini. Choo kipo, tena kisafi, na chakula cha moto kipo. Napita karibu na bahari, naiacha nyuma, naendesha saa tatu kwenda bara kuzamia.

Nilimpigia ami yangu Wete kumweleza, maana yeye kazama maisha yake yote kwa pumzi zake mwenyewe.

"Shimo?" akauliza.

"Shimo, ami. La mawe."

"Na mnalipa?"

"Tunalipa."

"Samaki wamo?"

"Wamo kidogo. Na tagi."

"Imezama kwa dhoruba?"

"Hapana, wameizamisha wenyewe."

Akanyamaza kidogo, akaomba azungumze na mke wangu.

Kura ya wiki hii imefunguliwa leo mchana. Upepo wa Jumamosi ni wa kugeukageuka, mwezi mpevu unaangukia Ijumaa, na mwenyekiti ameshaandika kwamba tusikimbilie uamuzi. Nimepiga kura yangu kwa Stoney Cove, na chini yake nimeuliza ni gari la nani litakwenda, kwa sababu mama watoto ameshasema langu linanuka na hatapanda tena hadi lioshwe.