Ndege Inaanzia Magu

Safari ya ndege kutoka Mwanza kwenda Bukoba hupigiwa hesabu kana kwamba abiria wote walizaliwa uwanjani. Ukikata moja kwa moja juu ya Ziwa Victoria, viwanja hivyo vimeachana kwa takriban kilomita 175, na ndege ya pangaboi yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 21. Ongeza kupaa, kuzunguka na kutua, bado saa nzima haijatimia. Ndiyo maana mtu wa Magu akikata tiketi tu, huwapigia wenyeji wake wa Bukoba waanze kumenya ndizi. Ushauri wangu ni kwamba wasimenye. Safari ya ndege huanza pale msafiri anapofunga mlango wa nyumba yake, na mlango wa Magu uko kilomita 60 hivi mashariki ya Mwanza.

Ushahidi uko barabarani. Ukitoka Magu kuna Nyanguge, Kisesa, Igoma, kisha jiji zima, maana uwanja umekaa upande mwingine, kule mbele ya Kirumba na Pasiansi. Hiace haiondoki kwa saa, huondoka kwa kujaa. Konda akisema amebaki mmoja, hakuna ajuaye kama huyo mmoja ameshaamka. Uwanjani nako lazima ufike mapema, na mzani haujali kwamba kiroba cha dagaa ni cha mama mkwe: kilo zikizidi, utalipia au utapunguza mbele za watu. Hapo hatujamgusa yule aliyesoma 07:00 kwenye tiketi akatokea saa saba mchana, suruali imepigwa pasi, akiuliza ndege iko wapi.

Atatokea wa kunipinga: je, basi si balaa zaidi? Ni kweli. Ziwa huilazimisha barabara izunguke kupitia Geita, zaidi ya kilomita 400, na hata Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko tu, halikukausha maji. Sibishi kwamba ndege huokoa siku. Ninaobishana nao ni wale wanaodai kwamba tiba ya kuchelewa ni ndege za kasi zaidi. Tuseme Bukoba ingekuwa na njia ya kurukia inayotosha jeti la kilomita 800 kwa saa: dakika 21 zingekuwa 13. Faida ni dakika nane, ambazo konda wa Igoma huzimaliza zote akimngoja yule mmoja wake. Umbali ukiwa mfupi hivyo, ndege haipati hata nafasi ya kuonyesha kasi yake. Muda wote umeshaliwa ardhini. Basi mtu wa Magu anayetaka kuwahi Bukoba asitazame juu. Aombe njia ya Nyanguge kupitia Kayenze hadi uwanjani iwe lami tupu, imwepushe na jiji. Aombe pia Hiace zinazoondoka kwa saa. Hilo la pili aliombe kwa kufunga.