Flisi ya Waheshimiwa

Jirani yetu hapa Amukura hununua mablanketi ya flisi ya mitumba soko la Busia. Si ya wageni, ni ya simbilisi. Yakichafuka, kwanza huyakung'uta vinyesi na manyoya, kisha huyafua kwa maji moto bila dawa ya kulainisha nguo. Ati dawa hiyo huziba nyuzi, mkojo ukakataa kupenya chini, waheshimiwa wakalowa miguu! Halafu jua, pande zote mbili. Kule Kivu, Kongo, wenzao hulala jikoni juu ya majani, na safari yao huishia chunguni. Shati la mumewe nalo limelowekwa kwenye beseni tangu Jumapili. Nimemshauri shemeji ajifunze kulia kwii-kwii.