Barua ya Wazi kwa Baraza la Uongozi la Python

YAH: PONGEZI KWA KAZI YA KUONDOA VITU VILIVYOKUWA VIKIFANYA KAZI

Toleo la 3.13 la lugha ya Python, lililotoka tarehe 7 Oktoba 2024, liliondoa moduli 19 katika maktaba yake sanifu kwa mkupuo mmoja. Iliondoka telnetlib, ambayo mafundi wa mitandao waliitumia kuamrisha ruta na swichi za zamani. Ikaondoka cgi, iliyopokea fomu za tovuti tangu intaneti ikiwa changa. Zikafuata crypt ya kufumba nywila, imghdr ya kutambua aina ya picha, nntplib ya kusomea habari za Usenet, na nyingine ambazo hata wakongwe wa lugha hiyo huyasoma majina yake mara mbili. Taarifa ya kuondolewa huko imo katika waraka rasmi uitwao Yaliyo Mapya katika Python 3.13, na hapo Baraza linastahili pongezi za kwanza. Si kila mamlaka huweza kuorodhesha kisichokuwepo tena miongoni mwa mapya.

Python ilijinadi kwa miaka mingi kwa kaulimbiu ya "betri zimo ndani", yaani anayeisakinisha hana haja ya kurudi dukani. Mwaka 2019 Christian Heimes aliandika PEP 594, pendekezo la kuondoa betri zilizokufa, na Brett Cannon akawa mwandishi mwenza. Hoja zao zina uzito. Moduli kadhaa hazikuwa na mtunzaji, nyingine zilihudumia mafaili ya sauti ambayo hakuna anayeyatengeneza tena, na Telnet husafirisha nywila bila kuifumba, ikasomwa na yeyote aliye njiani. Katika haya Baraza halidaiwi na mtu. Ila Afrika Mashariki betri iliyokufa haitupwi siku hiyo hiyo. Huanikwa juani, ikarudishwa redioni hadi taarifa ya habari iishe. Ndivyo ilivyokuwa. Kabla ya toleo kuzoeleka, watu wa kujitolea walikuwa wameshaziweka moduli kadhaa kwenye ghala la vifurushi la PyPI kwa majina kama legacy-cgi, audioop-lts na standard-telnetlib. Mwenye intaneti huzirudisha kwa amri moja ya pip. Mwenye seva iliyofungiwa isitoke nje ya jengo hana PyPI, na ni yeye hasa aliyeichukulia kaulimbiu ile kwa uzito.

Mamlaka ya kuyafanya yote haya ina historia yake. Hadi Julai 2018 uamuzi wa mwisho ulikuwa wa mtu mmoja, Guido van Rossum, aliyeitoa lugha hiyo kwa umma mwaka 1991 na ambaye cheo chake cha utani kilikuwa Dikteta Mwema wa Maisha. Alijiuzulu baada ya mzozo juu ya PEP 572, pendekezo lililoleta alama ya := na maneno mengi kuliko alama yenyewe. Tangu 2019 madaraka yamo mikononi mwa Baraza la watu watano, linalochaguliwa na watengenezaji wakuu wa lugha baada ya kila toleo kubwa. Wapiga kura ndio hao hao wanaoondoa. Wanaoondolewa hawana kadi ya kupigia kura, na kwa kuwa lugha hutolewa bure, hawana hata risiti ya kulalamikia.

Sheria ya uondoaji ni PEP 387. Inataka kila kinachokusudiwa kuondolewa kipewe notisi kwa muda usiopungua matoleo mawili, na ikipendeza, miaka mitano. Tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 matoleo hutoka kila Oktoba, kwa hiyo matoleo mawili ni miaka miwili hivi. Moduli zile 19 zilipewa notisi katika toleo la 3.11 la Oktoba 2022 na kuondolewa Oktoba 2024. Hakuna mwanasheria atakayepata kasoro katika hesabu hiyo.

Kasoro, kama ipo, imo katika notisi yenyewe. Notisi ya Python ni onyo liitwalo DeprecationWarning, na onyo hilo lina sifa ya pekee: kwa kawaida halionekani. Tangu toleo la 2.7 la mwaka 2010 na la 3.2 la mwaka 2011, Python hulificha isipoombwa kulionyesha. Sababu iliyotolewa ni ya kiungwana: mtumiaji wa kawaida asisumbuliwe na maonyo ambayo hawezi kuyafanyia lolote. Toleo la 3.7 la Juni 2018 lililegeza kidogo, onyo likawa linaonekana iwapo mstari wenye matatizo umo katika faili lile lile linaloendeshwa moja kwa moja. Ukiwa ndani ya kifurushi kilicholetwa kutoka kwingine, ambako ndiko msimbo mwingi unakoishi, onyo hunyamaza kama zamani. Anayetaka kulisikia huongeza -W default au -X dev anapoendesha programu. Kwa maneno mengine, ili mtu ajue kwamba amepewa notisi, sharti kwanza ajue kwamba amepewa notisi.

Watunga vifurushi hawasumbuki sana na jambo hili, kwa sababu zana za majaribio kama pytest huyaonyesha maonyo hayo zenyewe. Anayesumbuka ni karani aliyerithi programu ya mishahara kutoka kwa kijana aliyekwisha kuhamia kampuni nyingine. Kwake miaka miwili ya notisi ni miaka miwili ya ukimya, na siku ya kuhamishiwa mashine mpya hupokea kwa mara ya kwanza, kwa pamoja, taarifa ya kesi, hukumu na utekelezaji wake, vyote katika mstari mmoja wa ModuleNotFoundError.

Haki itendeke kwa Baraza: desturi hii liliirithi. Toleo la 3.0, la tarehe 3 Desemba 2008, lilikataa kwa makusudi kuelewana na programu za toleo la 2. Amri ya print ikafanywa funksheni, na kila aliyeandika print bila mabano akalazimika kuyaongeza. Hilo lilikuwa badiliko la wazi: programu inagoma, mtu anarekebisha, kazi inaendelea. Hila ilikuwa katika kugawanya. Python 2 ilipoambiwa 7/2 ilijibu 3. Python 3 hujibu 3.5. Jibu jipya ndilo analolijua mtoto wa shule, na la zamani halina mtetezi. Hata hivyo, programu iliyokuwa ikipanga mizigo kwenye malori kwa kutegemea ile 3 haikusimama wala haikulalamika. Iliendelea kupanga, kwa utulivu, malori matatu na nusu.

Alama ya u iliyotangulia matini za Unicode nayo iliondolewa mwaka 2008 kwa kuwa haikuhitajika, ikarudishwa katika toleo la 3.3 mwaka 2012 kwa kuwa ilihitajika. Mwisho wa Python 2 ulipangwa kuwa 2015. Mwaka 2014 ukasogezwa hadi 2020. Na toleo lake la mwisho kabisa, 2.7.18, likatoka Aprili 2020, miezi michache baada ya tarehe ya mazishi. Kwa wale ambao hawajavuka, kulikuwa na 2to3, chombo rasmi cha kugeuza msimbo wa toleo la 2 kuwa wa 3. Nacho kiliondolewa katika toleo la 3.13. Inaonekana aliyekuwa bado ng'ambo mwaka 2024 alihesabiwa kuwa amehamia huko.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi ndogondogo. Toleo la 3.7 lililifanya neno async kuwa mali ya lugha, na Celery, kifurushi maarufu cha foleni za kazi, ambacho kilikuwa na moduli ya jina hilo hilo, kikashindwa kuendeshwa hadi kilipoibadilisha jina. Toleo la 3.10 la Oktoba 2021 liliacha kuitambua collections.Mapping na ndugu zake, waliotakiwa kuhamia collections.abc tangu 2012. Hao walikuwa waondolewe katika toleo la 3.9, wakapewa msamaha wa toleo moja.

Toleo la 3.12 la Oktoba 2023 ndilo lililoonyesha ukomavu. Liliondoa distutils, chombo cha kufungashia programu kilichokuwemo tangu mwaka 2000, na waliokwama wakaelekezwa kwenye setuptools. Toleo lile lile likaacha kuisakinisha setuptools ndani ya mazingira mapya ya venv. Uratibu wa namna hiyo kati ya idara mbili za ofisi moja si wa kawaida. Ikaondoka pia assertEquals, iliyopewa notisi mwaka 2011 kwa sababu ya herufi yake ya mwisho. Ndugu yake assertEqual, isiyo na s mwishoni, inaendelea na maisha. Miaka 12 inamtosha yeyote kufuta herufi moja, na hapa Baraza haliwezi kulaumiwa. Linaweza tu kuulizwa herufi hiyo ilimdhuru nani.

Notisi dhidi ya datetime.utcnow, iliyotolewa katika toleo hilo hilo, inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ina haki kuliko nyingine zote na bado imekwenda mrama. Funksheni hiyo hurudisha saa ya UTC bila kuandika popote kwamba ni ya UTC. Sehemu nyingine za lugha zikiikuta saa isiyotaja eneo lake, huichukulia kuwa ni saa ya mahali kompyuta ilipo. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziko saa tatu mbele ya UTC. Programu ikiita utcnow().timestamp() kwenye kompyuta yenye saa za Afrika Mashariki, saa tatu hukatwa mara mbili badala ya mara moja, na malipo ya saa sita adhuhuri huingia daftarini kama ya saa tatu asubuhi. London wakati wa baridi kosa hilo halionekani, maana saa yake na ya UTC ni moja. Halionekani pia kwenye seva za kukodi, ambazo kwa kawaida huwekwa UTC. Huonekana kwenye kompyuta ya mezani Kariakoo, na mwenye nayo huambiwa kwamba kwenye seva mbona iko sawa.

Kuipiga vita funksheni hiyo, basi, ni jambo jema. Lakini mbadala ulioandikwa ndani ya notisi ni datetime.datetime.now(datetime.UTC), na jina hilo fupi la UTC liliingia katika lugha kwenye toleo la 3.11, mwaka mmoja tu kabla. Oktoba 2023 matoleo ya 3.8, 3.9 na 3.10 yalikuwa bado yanatunzwa na watengenezaji wenyewe, na yote matatu hayalijui. Yanajua timezone.utc, kitu kile kile kwa jina la zamani. Aliyetii notisi neno kwa neno aliiokoa programu yake kwenye mashine mpya na kuiua kwenye ya zamani siku hiyo hiyo, huku asiyeisoma akibaki salama.

Rehema ipo, na ina njia zake. Badiliko la namna Python inavyoshughulikia maelezo ya aina za data lilipangwa kuwa la lazima katika toleo la 3.10. Aprili 2021 watunzaji wa Pydantic na FastAPI, vifurushi vyenye watumiaji wengi mno, walieleza kwamba vitavunjika. Baraza likaahirisha, na hatimaye toleo la 3.14 la Oktoba 2025 likafuata njia nyingine, ya PEP 649. Uamuzi ulikuwa wa busara. Ulithibitisha pia kwamba pingamizi husikilizwa likiletwa na mtu ambaye akianguka huanguka na umati, na karani wa mishahara huanguka peke yake.

Maombi yanayowasilishwa mbele ya Baraza ni machache. La kwanza ni onyo lionekane angalau mara moja kwa kila usakinishaji, bila kujali mstari umo katika faili la nani. Uwezo huo upo. Alama ya \ ikifuatiwa na herufi isiyo na maana maalumu, kama katika "\d", ilinong'onezewa tangu toleo la 3.6, katika 3.12 onyo lake lilipandishwa daraja likawa SyntaxWarning, ambalo halifichwi, na msimbo duniani kote ukaanza kusahihishwa. La pili ni kila notisi itaje mbadala unaofanya kazi katika matoleo yote ambayo bado yanatunzwa siku inapotolewa. La tatu ni kiti kimoja kisicho na kura, kikaliwe na mtu ambaye hajahama toleo kwa muda usiopungua miaka mitano, na atakayeruhusiwa kuuliza swali moja katika kila kikao.

Iwapo hayo yatakataliwa, inaombwa tarehe ya kuondolewa kwa utcnow, ambayo mpaka sasa imeandikwa tu kuwa ni katika toleo fulani la baadaye, iendelee kutopangwa kwa ufanisi ule ule.

Watumiaji wa toleo la 3.8, lililoachwa kutunzwa Oktoba 2024