Tangi la Bibi na Mara Mbili Yake

Nyumbani kwetu Tanga maji ya bomba huja kwa zamu, kwa hiyo tangi ndilo linaloamua nani ataoga. Tangi la zamani la Bibi lilikuwa mchemraba wa bati, sentimita 50 kila upande, lenye kuchukua lita 125, yaani ndoo kubwa 6 na kitu. Wajukuu walipoongezeka, maji yakawa hayafiki jioni. Bibi akamwita fundi bati. "Mwanangu, nitengenezee mara mbili ya hili, na kichanja chake vilevile."

Fundi akavuta futikamba, akazidisha kila kipimo kwa 2. Urefu mita 1, upana mita 1, kimo mita 1. Nguzo za kichanja nazo akazifanya nene mara mbili.

Balaa la kwanza lilikuwa la bati. Baba Mdogo, mshika mfuko, alipoona hesabu akaja juu: "Mara mbili gani hii inayokula bati mara nne?" Fundi akaapa kwamba hakuiba hata kipande, na kweli hakuiba. Ubavu wa sentimita 50 kwa 50 una sentimita za mraba 2,500. Wa 100 kwa 100 una 10,000. Pesa zikatoka, kinyongo kikabaki.

Balaa la pili lilikuja usiku wa zamu ya maji. Mpira ukaingizwa tangini, sote tukaenda kulala tukitegemea lita 250. Kumbe tangi lile lilikuwa na nafasi ya lita 1,000, na maji kiasi hicho yana uzito wa tani nzima. Kabla ya alfajiri kichanja kikavunjika kwa kishindo, tangi likaangukia banda la kuku, tuta la mchicha likaenda na maji. Namshukuru Mungu hakuna aliyekuwa chini.

Asubuhi kikao kikawa uani. Baba Mdogo akamlaumu fundi, fundi akazilaumu mbao, Shangazi akataja kijicho cha majirani. Ndipo binti yetu wa kidato cha pili akaleta daftari.

Alichora mraba mdogo, akaweka nukta pembeni, akavuta mistari kutoka kwenye nukta hiyo kupitia kila pembe, na kila umbali akauzidisha kwa 2. Ukatokea mraba mkubwa, umbo lilelile, pembe zilezile.

"Bibi, huu ndio ukuzaji. Ile mbili inazidisha urefu tu. Eneo ni mbili mara mbili, nne. Ujazo ni mbili mara mbili mara mbili, nane."

Akaipanga miraba midogo ndani ya ule mkubwa. Minne ikaenea bila kubakiza nafasi. Baba Mdogo akaihesabu kwa kidole, kisha akampa fundi mkono.

Kichanja nacho kilikuwa na sababu yake. Mkato wa kila nguzo uliongezeka mara nne, mzigo mara nane. Kila sentimita ya mraba ya ubao ikabebeshwa mara mbili. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638: kitu kikikuzwa kwa umbo lilelile, uzito huipita nguvu. Na Wagiriki wa kale walisimulia habari za watu wa kisiwa cha Delos, walioagizwa wafanye madhabahu yao iwe mara mbili, wakakuza kila upande mara mbili, wakapata mara nane.

Ili maji yawe mara mbili, inatakiwa namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha tena kwa yenyewe, unapata 2. Ni karibu 1.26. Sentimita 50 mara 1.26 ni 63. Tangi jipya likajengwa kwa kipimo hicho: lita 250, na bati likaongezeka kwa asilimia 59 hivi, si kwa mia tatu.

Naamini kwa dhati kwamba ukuzaji ufundishwe kwa ndoo na bati pamoja na karatasi, maana kwenye karatasi ujazo hauonekani, na uzito haumwangukii mtu. Fundi wetu ameshauelewa. Sasa hagusi futikamba kabla hajamuuliza mteja: "Mara mbili ya nini: ya urefu, ya bati, au ya maji?"